Ndoo ya Bi Mgeni

Skuli imefungwa, madawati yametolewa barazani,
na ndani ya ukumbi, hapa Wete, kwenye kamba za kuanikia nguo,
Faki mtoto wa fundi baiskeli ametundika picha thalathini na saba
kwa vibanio vya mbao.
Kiingilio: kuvua viatu.

Niliingia kwa sababu ya mvua. Nisiseme uongo.

Nikakuta jamvi la karafuu limejaa ukuta mzima:
za leo kijani bado, shingo nyekundu,
za juzi zimeshageuka ugoro,
na katikati unyayo wa mtoto aliyekatiza
akakimbia kabla ya kofi.
Nikakuta jiko la mtu, sufuria na masizi yake,
kopo la maziwa lililotiwa chumvi,
mlango uliopakwa rangi iliyobaki hospitali.
Nikakuta mkono wa kinyozi, povu, sikio.
Hakuna aliyejipanga. Hakuna aliyeambiwa acheke.
Na mimi nilidhani picha ni kitu cha Idi na harusi:
unapaka wanja, unasimama wima mbele ya pazia la maua,
umezuia pumzi kama mtu anayengoja sindano.

Nyuma yangu Bi Mgeni akapiga ukelele.
"Ndoo yangu!"

Ukumbi mzima ukageuka.
Namba kumi na nne, kisima cha Limbani:
ndoo ya damu ya mzee, mshikio umezongwa kitambaa cha manjano.
"Kitambaa hicho nimekichana mwenyewe,
kwenye kanga ya fungate yangu!"
Imepotea tangu Mfunguo Tano.
Aliyeishika, picha imemkata shingoni, haonekani uso,
lakini bangili zile kila mtu alizijua,
na kila mtu akatazama dari.

Bi Riziki alikuwa amesimama kwenye papai lililopasuliwa, namba thelathini.
Mikono ameificha ndani ya buibui.
"Niliazima," akasema. "Siku zikawa nyingi,
nikaona haya kurejesha."
Bi Mgeni hakumjibu. Aliisogelea picha
mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kisima.
"Lakini wallahi," akasema, "imetoka nzuri."
Hasira ikamshuka
kama maziwa yaliyowahiwa kuepuliwa.

Faki yuko juu ya ngazi, jasho linamtoka.
Nikamuuliza: za zamani huna?
Akasema ana za mwaka huu tu, na kamera yenyewe ya deni.

Nimeuliza kwa sababu nyumbani tuna picha moja ya baba,
ya kitambulisho, nyeusi na nyeupe, muhuri umemla sikio.
Shati lake mle ni kijivu.
Mama anasema lilikuwa buluu.
Shangazi Bikombo anaapa kijani,
eti alilinunua yeye, Mkoani, kwa pesa za makonyo.
Miaka ishirini wanaligombania shati
ambalo hakuna ajuaye liko wapi,
kwani baba alipozikwa nguo ziligawiwa,
na mimi nilikuwa na meno ya utotoni,
nilichokiona siku hiyo ni miguu ya watu.

Picha ya mwisho iko karibu na mlango, ndogo, haina namba.
Uani kwa mtu, baada ya mvua.
Shati la kiume limeanikwa ndani nje,
mgongo umepauka, kola imekwisha,
ila kwenye mshono, pale jua lisipofika,
umebaki uzi mwembamba wa rangi yenyewe.

Nilisimama hapo mpaka Faki akashuka ngazi
akaanza kufagia maji.
Rangi gani, sitasema. Mama hajui kama nilikwenda.

Nje viatu vyangu vimejaa mvua.
Mbele yangu Bi Mgeni na Bi Riziki, mwavuli mmoja,
wanashika njia ya Limbani kuifuata ndoo,
na sauti zinanifikia mpaka kwenye kona,
mmoja akisema ni nyekundu tu kama nyekundu nyingine,
mwenzake akisema we! damu ya mzee,
huoni?