Chaguo la Tatu

Matokeo yametoka juzi, na foleni ya steshenari yangu
imevuka mtaro, imefika kwa muuza chipsi.
Mbagala nzima inataka kuprinti.
Nina mashine moja, inatafuna karatasi,
na bei nimeibandika ukutani:
fomu mia tano, kujaziwa elfu moja, ushauri bure,
maana ushauri hata ukilipiwa hausikilizwi.

Kibwana ana daraja la tatu, anatembea kama ana la kwanza.
Anataka chuo chenye ghorofa na jina refu.
Namwambia, jina refu lina ada ndefu.
Tunapiga hesabu nyuma ya risiti:
ada, sare, bima, pantoni kwenda na kurudi.
"Na kula?" namuuliza.
Anakohoa. Tunalifuta ghorofa.

Zamoyoni anataka unesi.
Kemia haikumtaka Zamoyoni.
Tunaitazama ile F, wote wawili,
kama watu wanaosubiri jiwe lipepese.

Mimi enzi zangu hakukuwa na fomu.
Kulikuwa na mjomba.

Halafu Sikudhani. Daraja la nne, pointi ishirini na nane,
karatasi ameikunja na kuikunja
hadi imekuwa hirizi.
Baba yake yuko hewani, spika imewashwa,
foleni yote inamsikia:
"Andika uhazili. Mtoto wa kike akae ofisini, kwenye kivuli."
Naandika *u*,
mashine inazima. Feni inasimama.
"Tanesco hao!" wanasema nyuma.

Sikudhani anatega sikio.
"Kwa muuza chipsi redio inaimba.
Umeme upo. Waya wako ndio haupo."
Anaomba kisu, nampa cha kukatia kava.
Anachomoa, anachuchumaa, anafungua plagi,
anakwangua weusi mpaka shaba inang'aa,
anasokota, anakaza, anachomeka.
Feni inatumwagia vumbi la mwaka mzima.

"Nani kakufundisha?"
"Pasi ya mama. Inakufa kila Jumapili."

Simu bado iko hewani. "Umeshaandika?"
Kidole chake kiko juu ya mstari,
kina masizi, hakitetemeki.
Kalamu yangu inakifuata.

Chaguo la kwanza: umeme wa majumbani, Chang'ombe.
La pili: umeme wa majumbani, masomo ya jioni.
La tatu nimeweka uhazili,
kwa mwandiko wangu bora kuliko yote,
wa kumpendeza mzee.

"Nimeshaandika, baba."
Sijasema wapi.

"Elfu moja na mia tano," namwambia binti.
"Na plagi?"
Foleni inacheka. Nafungua droo,
nahesabu sarafu polepole, nikiona aibu kidogo,
na bado nabaki na deni lake.

Anayefuata.