Alisafirije

Saa kumi alfajiri napiga muhuri.
Wino wa zambarau, begani, pajani,
miaka kumi na tisa sasa. Hata msibani
watu hunitazama vidole kwanza.

Kazi yangu ni kusoma: ini, bandama, mapafu,
tezi zilizojificha chini ya taya.
Lakini nyama ina maandishi mengine
ambayo fomu haikuyatengea nafasi.
Doa jeusi mgongoni, hiyo ni fimbo ya Manyoni.
Mkia uliovunjika pingili mbili, hapo ni Kintinku,
ng'ombe alipolala ndani ya lori, wenzake wakamkanyaga,
na Chedego, utingo, akausokota ili ainuke.
Simlaumu sana Chedego. Analipwa kwa kichwa
kinachofika kimesimama.
Na ile nyama ya giza, kavu, inayonata kwenye kisu,
ni ya dume aliyeogopa usiku kucha
hadi nguvu za misuli zikamwishia.
Hofu haiambukizi mlaji. Naipitisha.

SALAMA, unasema muhuri.
Kwa nani, sijawahi kuuliza.

Mama yangu, kule Bahi, alikuwa na mbuzi
wanaoitika majina. Siku ya kuchinja
alimlisha mmoja wao pumba na chumvi kiganjani,
kisha akachukua kamba akaenda kuni,
na kuni zilikuwa zimejaa uani.
Alirudi jua la utosi,
akabandika sufuria, akaonja mchuzi,
akasema chumvi imepungua.
Kwa miaka nilidhani ule ni unafiki.
Siku hizi nadhani ile njia ya kuni
ndiyo iliyokuwa sala yake.
Au ndiyo iliyokuwa unafiki wenyewe. Sijaamua.

Mwanangu Nyemo ameacha nyama tangu Pasaka.
Hakuhubiri. Alisogeza bakuli tu,
akavuta mlenda karibu, akamega ugali wa uwele,
akala kwa raha iliyoniudhi.
"Baba, wewe ndiye unayejua," akasema.
Angeniita mkatili ningemjibu.
Majibu ninayo: kwamba simba haombi radhi,
kwamba ukame huua polepole kuliko kisu,
nimeona ndama wakilamba udongo mkavu wa bwawa;
kwamba ada yake ya shule
imetoka kwenye wino huu huu.
Lakini alisema najua. Nikanywa maji.

Jumamosi nilikwenda mnadani Msalato.
Upepo, vumbi, mafuta yakilia juu ya makaa,
na mate, sifichi, yalinijaa
kabla sijafika kwa Msanjila.
"Nusu kilo, mbavu." Kisha ulimi ukateleza:
"Huyu alisafirije?"
Kisu kikasimama. "Nani?"
"Huyu mbuzi."
Benchi zima likaangua kicheko.
"Kwa ndege!" mmoja akasema. "Tena kiti cha dirishani!"
Nami nikacheka, maana ilichekesha.
Msanjila akageuza ubavu, akanyunyiza chumvi,
akasema chini chini kama anayekumbushwa deni:
"Kwa miguu, toka Hombolo. Kijana alikuwa nyuma yake
anampigia mluzi. Walipumzika mara mbili."

Nikala. Ilikuwa tamu.
Nusu ya utamu ulikuwa ule mluzi,
na hilo nalo linanikosesha usingizi:
huenda nimegundua kiungo kipya tu.

Tangu Jumatatu, pembeni mwa fomu, nje ya mistari,
naandika: fimbo tatu. Mkia. Kiu, ulimi mkavu.
Hakuna aliyeniagiza, hakuna atakayesoma.
Naandika kwa penseli,
maana wino nimeuzoea mno,
na maana penseli hufutika.