Futi ya Kushonea

Futi yangu imezunguka viuno
vya nusu ya Barabara ya Kumi na Nne,
wala sikuwahi kuona haya
mpaka leo, ninapoipitisha kwenye tumbo la stovu.

Ziko tatu. Nimezipanga juu ya meza ya kukatia,
nikasogeza mkasi, chaki, na gauni la watu la Ijumaa.
Kaka Mbelwa kapiga simu toka Korogwe:
"Nitajie vipimo. Kuna mtu anakusanya za zamani.
Anataka kimo, upana, na kama pampu bado inavuta."

Kubwa: shubiri moja na nyanda nne.
(Naanza na mkono, futi baadaye. Ndivyo alivyonifunza.)
Tangi lake humeza chupa nzima ya mafuta ya taa
na bado likaachama.
Miguu mitatu, mmoja umelehemiwa.
Hii ilikwenda Handeni na wapima ardhi kumi na wawili,
baba akiwa mpishi wao,
sufuria ya maharage juu yake
kama kilemba cha babu kwenye kichwa cha mjukuu.
Ikishika moto, alisema, hata ukitukanwa husikii.

Ya kati ni mdogo wake aliyezaliwa mwaka wa njaa.
Kimo inchi nane na nusu. Mzunguko ishirini na mbili:
kiuno cha Mwanashehe kabla hajaolewa.
Nikacheka peke yangu, nikaandika.
Hii ndiyo ya nyumbani. Ndiyo uji,
ndiyo maji ya kuoga ya mama enzi za mgongo wake.
Ubavuni ina kibonde:
niliiangusha nikiwa darasa la tatu,
akanipiga jicho, mkono hakuninyanyulia.

Ndogo sasa.
Ndogo inalala ndani ya kopo lake, bati la buluu,
kifuniko ukikigeuza ni sufuria,
na vyote pamoja havifiki bega la chupa ya soda.
Shubiri ilizidi. Ikabidi nikunje gumba.
Nyanda tano.
Kikombe kimoja cha chai; wa pili asubiri.

Kuna jambo futi haina namba yake.
Kubwa ilipanda darini kazi ilipokwisha.
Ya kati ikaifuata, wiki ya arobaini ya mama.
Na baba, Singano, jina ambalo kwetu Muheza ni sindano,
akabaki uani na hii ya kopo,
kila alfajiri akiizibua tundu
kwa kijisindano chembamba kama unywele,
spiriti kijiko kimoja, moto wa buluu,
chai ya mtu mmoja.
Mimi nilikuwa chumba cha pili. Nilisikia ikivuma.
Nikadhani anapenda kidogo chake.

Mbelwa kapiga tena. "Vipi, zimepishana sana?"
Nikamsomea kubwa. Nikamsomea ya kati.
"Na ya tatu?"
Nikamwambia hiyo haijapimika, ina mafuta ndani.
Na si uongo. Nimeitikisa: chubwi.
Robo kikombe hivi, tangu Rajabu.

Gauni la watu likiisha
nitapita duka la dawa Chumbageni, niulize spiriti.
Vikombe ninavyo viwili.
Nitabandika mara mbili.