Jiwe Lililosimamishwa

Kabla ya kugusa patasi
Hester Garlick huugonga ukuta kwa kifundo cha kidole
kama daktari anayesikiliza kifua.
Jiwe zima hulia. Jiwe bovu hunung'unika.

Jumba la Harlebeck limeketi mlimani, Yorkshire,
limeipa barabara mgongo.
Mbele, madirisha kumi na moja:
matano huku, matano kule, moja juu ya mlango,
sawasawa kama meno ya bandia.
La tisa ni uongo, kioo kilichopakwa masizi;
nyuma yake inapita dohani ya jikoni.
Mchoraji alitaka ulinganifu,
moshi ukajitafutie njia.

Lakini leo kazi iko chini ya dirisha la bwana.
Jiwe moja tu linabanduka, ganda kwa ganda,
kama kitabu kilicholowa.
Majirani zake wazima. Mvua ni ile ile,
na mkono ni ule ule: herufi P yenye mkia,
alama ya mwashi, ipo kwa wote.

Mwanagenzi hufunzwa siku ya kwanza:
jiwe lilaze ukutani lilivyolala machimboni.
Ukilisimamisha, matabaka hufunguka,
maji huingia, barafu ya Januari humaliza.
Pickersgill alijua.
Aliyechonga zabibu zile juu ya mlango
asingekosa kujua.

Kwenye daftari la mwaka 1697
(limo ndani ya kabati la kioo, karibu na duka la jamu)
pana mstari: J. Pickersgill, mwashi,
shilingi saba na peni sita.
Safu ya malipo ni tupu.

Bwana akafa kitandani mwake, akikohoa.
Wajukuu wa wajukuu wakalaumu unyevu,
wakabadilisha mapazia.
Deni halikuoza.
Kilichooza ni ukuta.

Jiwe jipya limefika asubuhi, machimbo yale yale;
mchimbaji ametia mshale mwekundu: juu ni huku.
Timazi inaning'inia. Pimamaji imetulia.
Chokaa inaanza kushika ndooni.
Simu inatetemeka mfukoni, ofisi ya jumba:
ankara yako ya Machi bado inashughulikiwa,
tunaomba subira.

Subira, anasema Hester,
na analigeuza jiwe upande huu,
analigeuza upande ule.