Bubu wa Kauai

Kalehua ameegesha gari kando ya uwanja wa kanisa,
kazima taa, kashusha kioo.
Utotoni, nyasi hizi zilipiga kelele
hata mamake akafunga madirisha.

Sasa kimya.
Lakini akimulika tochi chini, nyenje wapo tele,
wanampanda viatu, mabawa laini kama karatasi ya sigara,
hayana meno ya kukwaruzana.

Alikuja nzi, mwenye sikio kali.
Kila dume aliyeimba kuita jike
alimwitia na nzi.
Akaachiwa funza mgongoni, funza akachimba,
akala kutoka ndani. Siku saba, ganda tupu.

Hakuna nyenje aliyekaa akaamua: basi, ninyamaze.
Bubu alizaliwa tu, kwa kosa dogo la urithi,
kilema asiyeweza hata kubembeleza.
Nzi akampita.
Bubu akazaa bubu, vizazi ishirini hivi;
kwetu ni muda wa mtoto kuota meno na kuanza kuyang'oa.

Na majike wanawapataje?
Kalehua anacheka peke yake:
wanajibanza karibu na yule mmoja anayeimba bado,
mgeni akija kwa sauti ya jirani, wao wako mlangoni.

Bora? Nani kasema bora.
Waliobaki.

Anaandika daftarini: mia na kumi na wawili, mwimbaji hakuna.
Ndipo, nyuma ya makaburi: kri.
Kri.
"Nyamaza, mjinga wee," ananong'ona,
na kioo anakishusha hadi mwisho.