Mugeni, Amelipa

Mama yangu huko Rungwe bado anawaambia majirani
kwamba mwanawe Ambakisye yuko Kenya.
Nimemweleza mara ngapi: Kenya hii ni komini, mama,
iko ndani ya Lubumbashi, ina soko, ina uwanja wa mpira,
unafika bila kuvuka Namanga.
Anajibu, "Sawa, wasalimie Wakenya."
Basi nawasalimia.

Nilikuja kufuata lori moja lililokwama Kasumbalesa.
Wiki mbili tu, alisema bosi.
Mwaka wa kumi na mmoja huu.

Na maoni ninayo. Mgeni hakosi maoni;
ndiyo mzigo pekee niliouvusha mpaka
bila kuulipia ushuru.

Nasema: inakuwaje noti ya dola
ikichanika upana wa ukucha tu, watu wanaikataa
kama wamekabidhiwa buibui,
na faranga iliyoungwa kwa plasta,
inanuka dagaa, haina hata uso,
wanaipokea, wanaikunja, wanaenda zao?
Nasema: malori ya shaba yanapita usiku kucha,
nyumba inatetemeka, vikombe vinasemezana kabatini,
nasi tunayasikiliza kwa mshumaa.
Shaba inakwenda kuwa waya kwa watu wengine.
Huku tunangoja waya.

Haya namwambia Banza, kinyozi,
mashine yake imezimika katikati ya kichwa changu.

Siku ile walibishana juu ya vigogo wa jimbo,
nani kala, nani atakula, nani kaachiwa mfupa.
Nikaingiza neno. Neno zuri, lenye takwimu.
Kimya.
Banza akapuliza nywele kwenye kitana.
"Weye mugeni, bintu ya kwetu unaona muzuri kabisa.
Na ya kwenu?"

Ya kwetu?
Nikawapa: barabara ya lami, kura kwa foleni,
umeme unaowaka hadi jogoo anachanganyikiwa.
Sikuwapa ule mwaka niliporudi kupiga kura
nikakuta jina langu halimo daftarini,
karani akanishauri, kwa upole kabisa,
niangalie kwenye orodha ya marehemu.
Halikuwemo huko pia.

Wala sikuwapa ile jioni ya safari hiyo hiyo, mezani kwa kaka,
niliposema "bukari iko muzuri"
wakacheka hadi wakarudisha matonge sahanini.
Mmoja akauliza kama huko tunakokaa watu wanajua kusema.
Nikawaka. Nikautetea mji huu
kwa mdomo ule ule ninaoutukania.

Mwezi uliopita transfoma ya avenyu yetu ilikufa kwa mlio.
Kampuni ikasema inakuja,
na inakuja hadi leo.
Mama Numbi akapita mlango kwa mlango,
kila nyumba faranga elfu ishirini, fundi yuko, ni mpwa wake;
mimi nikapewa daftari,
maana mwandiko wangu ni wa shule ya misheni.
Nikaandika: Numbi, amelipa.
Ngoie, nusu.
Baba Mapasa, ameapa.
Banza, atalipa kwa kunyoa.
Tukafika mlangoni pangu. Kalamu ikasita:
kwa Ambakisye herufi ni nyingi, mstari ni mfupi,
na Mama Numbi anasoma juu ya bega langu.
"Andika mugeni," akasema. "Banakujua ivyo."

Nikaandika kwa herufi kubwa,
nikapiga mstari chini yake kwa ukingo wa kiberiti:
MUGENI. AMELIPA.

Taa ziliwaka Alhamisi.
Watoto walipiga kelele hadi ng'ambo ya barabara.
Jumapili, mlio ule ule.

Maoni ninayo, msidhani sina.
Ila nimeyashikilia kwanza:
Banza anamalizia upande wa pili
kwa wembe.