Daftari la Fildi

Limeachwa mezani pangu, Ijumaa, saa kumi na nusu,
kava la bluu, kona moja imelowa asali.
Wiki ya nane. Panatakiwa saini.

Nyamizi Kashinje, stashahada ya uhasibu, mwaka wa pili,
alifika kwetu Cheyo na barua iliyokunjwa mara nne,
viatu vya kuazima, kalamu tatu:
nyeusi, bluu, nyekundu.
Alidhani tutampa leja.
Tulimpa fagio.

Nalisoma. Binti huyu hajui kupamba.
*Jumatatu: nimeosha ndoo ishirini na sita.
Jumanne: nimeosha ndoo. Nimetumwa vocha ya bosi.
Jumatano: nimebandika lebo, chupa mia nne na kumi.
Alhamisi: mashine imegoma, nimechuja kwa kitambaa.*
Mwandiko umenyooka kama reli ya kwenda Urambo,
ila stesheni haionekani.

Wiki ya tatu, mstari mmoja tu:
*Leo dada Tabu hakuja. Nimeambiwa nikae kiti chake.*

Hakuja!
Tabu Mihambo, miaka sita ya kubandika lebo,
aliitwa ofisini, akapewa bahasha nyembamba na asante nene.
Bwana Luhende alikwisha kupiga hesabu kwa vidole:
wa fildi halipwi, wa fildi hagomi,
wa fildi akiondoka, chuo kitaleta mwingine.
Na mimi ndiye niliyelifuta jina la Tabu
kwenye karatasi ya mishahara.
Rula, wino mwekundu. Mstari ulikaa vizuri.

Nyamizi hakumfukuza mtu. Alikalia kiti tu,
kiti ambacho kitenge cha mwenzake kingali kwenye egemeo.
Nauli hatumpi. Kutoka Ng'ambo anakuja kwa miguu,
vumbi la mwezi wa nane hadi magotini,
na saa nne, tukinywa chai, yeye ndiye anayeimimina,
kisha anatoka nje kusuuza ndoo
zilizokwisha kusuuzwa.

Mara moja, mara moja tu, aliinama begani kwangu
akazitazama safu zangu.
"Samahani, mama. Hii mizinga mipya mbona iko kwenye matumizi?
Mzinga si mali ya kudumu?"
Kweli.
Miaka minne nimekosea, na wakaguzi wakapita wakala mchele.
Nikamwambia: kalete ndoo.

Sasa Bwana Luhende amechungulia mlangoni, funguo za gari mkononi.
"Mwalimu wao anakuja Jumatatu. Jaza hapo:
usimamizi wa stoo, huduma kwa mteja, mnyororo wa thamani."
Kampuni ya asali haikosi maneno matamu.

Lakini wale wanaotuletea asali kutoka Sikonge,
hata usiku, moshi machoni, mkono umevimba,
hawaukwangui mzinga hadi gome.
Wanabakiza sega.
Wala si huruma. Nyuki mwenye njaa huhama.

Nimeshika kalamu. Kibanda cha chips ng'ambo ya barabara kimewasha taa.
*Maoni ya msimamizi*, mistari mitatu, finyu.
Naandika:
*Hatujamfundisha. Yeye amenifundisha jambo moja, ukurasa wa 112.
Naomba aongezewe wiki mbili, safari hii kwa kazi aliyoijia.*
Nasaini jina langu lote, hata la babu.

Huenda Jumatatu kiti kitakachokuwa wazi ni changu.
Tabu nitampigia leo usiku. Sijui nitaanzia wapi,
saini hii haimrudishi.

Nawe Nyamizi, ukilifungua daftari lako,
utakuta kikaratasi katikati:
usishike fagio.
Njoo na kalamu zako zote tatu.
Nauli yako nimeiandika kwenye matumizi,
na hapo, ukikagua, sijakosea.